Maswali Yenu: Binti Yangu Anataka Kurusha Roketi

Toleo lililopita tulijibu swali moja dogo kuhusu satelaiti, kumbe tumechokoza mzinga. Barua zimekuja kutoka Kongwa, Manyoni, Kondoa na hapa Dodoma mjini, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: roketi inarushwaje, nani anairusha, na msichana wa kwetu anaweza kuingia humo? Tumechagua saba. La fundi bomba tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine, maana kazi yenyewe iko kwenye mabomba.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Anasema hataki kwenda angani, anataka "kuwarusha wanaokwenda". Baba yake anacheka. Kazi hiyo ipo, na kuna mwanamke aliyewahi kuifanya? (Mama, Kongwa)

Ipo, mama, na binti yako ameielewa kuliko watu wazima wengi. Kuna wahandisi ambao kazi yao ni kuipokea roketi kutoka kiwandani, kuiunganisha, kuipima, kuijaza mafuta, na siku ya safari kukaa mbele ya skrini kilomita tano hivi kutoka uwanjani wakisoma presha na joto mpaka iachie ardhi. Ikishapaa, wanakabidhi kwa chumba kingine. Kwa roketi kubwa za NASA, shirika la anga la Marekani, urushaji hufanyika Kennedy Space Center, Florida, na safari yenyewe huongozwa kutoka Houston, Texas. Vyumba hivyo viwili watu huvichanganya kila siku, hata magazetini.

Wanawake wapo. JoAnn Morgan alianza kazi Florida mwaka 1958 akiwa na miaka 17, akasoma hisabati, akawa mhandisi wa vipimo. Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, ilipopaa tarehe 16 Julai 1969 yeye ndiye mhandisi mwanamke pekee aliyekuwa ndani ya chumba cha urushaji. Ipo picha ya siku ile: safu kwa safu za wanaume wenye mashati meupe na tai nyembamba, na yeye mmoja katikati. Baadhi ya majengo ya kurushia ya enzi hizo hayakuwa hata na choo cha wanawake. Aliendelea na kazi mpaka 2003. Leo mkurugenzi wa urushaji wa roketi za Artemis, mpango wa NASA wa kurudisha watu mwezini, ni Charlie Blackwell-Thompson, mhandisi wa kompyuta aliyeanza mwaka 1988 kwenye programu za kompyuta za mizigo inayobebwa na roketi. Ndiye mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho NASA.

Baba akizidi kucheka, mwambie habari ya karibu na nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya. Meneja wa mradi huo NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ikaitwa Uhuru, na kwa jina hilo la Kiswahili inatajwa kwenye vitabu vya fizikia mpaka leo.

Mkurugenzi wa urushaji ndiye anayebonyeza kitufe? (Mwanafunzi, UDOM)

Hakuna kitufe chekundu. Dakika za mwisho zinaendeshwa na kompyuta, kwa sababu kuna maelfu ya vipimo vya kusoma na mkono wa mtu ni mzito. Kwa Artemis I, kompyuta ya ardhini ilishika usukani zikiwa zimebaki dakika 10, na sekunde ya 33 kabla ya kuruka ikaikabidhi kompyuta ya roketi yenyewe.

Kazi ya mkurugenzi ni kuamua kama hesabu iendelee au isimame. Kila mfumo una mhandisi wake: wa hidrojeni, wa oksijeni, wa umeme, wa mawasiliano, wa hali ya hewa, wa usalama wa eneo. Wote wamevaa spika za masikioni na kila kundi lina chaneli yake. Kabla ya dakika zile za mwisho mmoja baada ya mwingine anaulizwa, naye anajibu neno moja tu, tayari au si tayari. Haelezi, hahutubii. Mwenye maelezo alipaswa kuyatoa saa nzima iliyopita.

Usishangae saa ikisimama. Vituo vya kusimamisha saa vimepangwa ndani ya ratiba tangu mwanzo, ili aliyechelewa apate pa kufidia. Ndiyo maana kuna saa mbili: moja inahesabu muda halisi uliobaki mpaka kuruka, nyingine inahesabu hatua za kazi na inasimamishwa penye kituo. Mgeni akiangalia moja tu anadhani kuna hitilafu.

Hali ya hewa nayo ina sheria zilizoandikwa. Radi ikipiga ndani ya kilomita 18 hivi kutoka njia ya roketi, mnasubiri dakika 30 tangu radi ya mwisho. Ikipiga nyingine dakika ya 29, mnaanza upya. Haijadiliwi, na hiyo ni nafuu, kwa sababu mtu aliyekesha saa kumi na mbili hafai kuanza kubishana na wingu.

Mambo huharibika pale sheria ya namna hiyo inapoanza kujadiliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha angani Challenger walisema baridi ni kali mno, mipira ya kuziba viungo haitawahi kujipanua. Wakubwa wao wakaubatilisha ushauri ule. Chombo kilisambaratika sekunde ya 73, watu saba wakafa.

Nasikia roketi ya Artemis ilikwama mwaka 2022 kwa kuvuja. Mimi bomba likivuja nafungua, nazungusha tepu nyeupe, nakaza, naondoka. Wahandisi wa Marekani wameshindwaje? (Fundi bomba, Chang'ombe)

Fundi, vuta subira, maana mwisho wa habari hii kuna watu na spana.

Kwanza tazama kinachopita ndani ya bomba. Roketi ile ilibeba lita milioni 2 hivi za hidrojeni iliyogeuzwa kimiminika, sawa na malori 50 ya mafuta yenye lita 40,000 kila moja, pamoja na lita 742,000 za oksijeni kimiminika. Oksijeni hiyo iko nyuzi 183 chini ya sifuri, hidrojeni nyuzi 253 chini ya sifuri. Lita ya maji ni kilo moja. Lita ya hidrojeni hiyo ni gramu 71 tu. Ni nyepesi, na chembe zake ni ndogo kiasi kwamba kiungo kinachozuia maji bila shida kinaweza kuiachia.

Halafu chuma chenyewe kinasinyaa. Bomba la chuma cha pua lenye urefu wa mita 10, likipozwa kutoka joto la kawaida hadi baridi ile, linafupika karibu sentimita 3. Sili, yaani kizibo cha kiungo, inasinyaa kivyake, flenji, yaani sahani ya kuunganishia mabomba, kivyake, bolti kivyake. Kiungo ulichokikaza jua likiwaka, usiku kikiganda ni kiungo kingine.

Kwa hiyo hujazi tu. Kwanza unasukuma hewa yote nje kwa heliamu. Nitrojeni haifai hapo kwa sababu nayo inaganda kwenye nyuzi 210 chini ya sifuri, na hewa iliyobaki itageuka barafu na kubana valvu. Zaidi ya hapo, oksijeni iliyoganda ndani ya hidrojeni ni baruti. Pili unapoza bomba kwa kupitisha kidogo kidogo. Kimiminika cha mwanzo chote kinachemka na kutoka kama gesi. Ukiwa na haraka hapa unapata kile kishindo unachokijua wewe mtu anapofunga koki kwa ghafla, ila kikubwa zaidi. Ndipo unajaza polepole, kisha kwa kasi, kisha unapunguza kasi ukimalizia juu. Na hata tangi likijaa hujamaliza: linachemka muda wote, kwa hiyo unaendelea kufidia kinachopotea mpaka karibu na kuruka.

Tarehe 3 Septemba 2022 uvujaji ulitokea kwenye kiungo cha kuchomoka, cha sentimita 20, pale bomba la ardhini linapoingia kwenye roketi. Kiungo hicho lazima kiachie chenyewe roketi ikipaa, ndiyo sababu huwezi kukifunga kwa bolti ukasahau. Hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, na vipimo vilipita kiwango hicho mara mbili hadi tatu. Walisimamisha, wakaacha kiungo kipate joto kisha wakakipoza tena ili sili ikae sawa, wakajaribu kuisukuma kwa presha ya heliamu, wakarudia. Haikukubali. Wakaahirisha.

Sili ilipotolewa ilikutwa na kibonyeo kisichofika robo ya milimita. Chukua karatasi mbili tatu za daftari uzibane pamoja: ndio huo unene. Wakabadilisha sili palepale uwanjani, na tarehe 21 Septemba wakajaribu kujaza tena kwa presha ndogo na mwendo wa taratibu. Mara hii ilijaa.

Sasa spana. Usiku wa tarehe 16 Novemba 2022, tangi likiwa limejaa, valvu ya kufidia hidrojeni kwenye jukwaa la kurushia ikaanza kuvuja. Mafundi wachache wenye mafunzo maalumu wakapelekwa mpaka chini ya roketi ile yenye mafuta, wakakaza nati. Uvujaji ukakoma, na roketi ikapaa saa 7:47 usiku wa Florida, hapa kwetu ikiwa saa 3:47 asubuhi. Ulikuwa sahihi, fundi. Tofauti ni kwamba kila mzunguko wa spana ulijulikana kwenye chumba cha urushaji.

Na kwa kuwa umetaja tepu: tarehe 22 Februari 1990 roketi ya Ariane iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, iliangamia pamoja na satelaiti mbili kwa sababu ya kitambaa kilichosahaulika ndani ya bomba la maji la injini moja. Kitambaa tu. Mafundi wa sehemu hizi huhesabu vifaa wakiingia na wakitoka, na kimoja kisipoonekana kazi haifungwi.

Nina binti anayesomea uhandisi. Kazi hii ina hatari gani kwa afya? (Muuguzi, Mpwapwa)

Inayoua kimyakimya ni nitrojeni. Inatumika kufukuza oksijeni na unyevu kwenye vyumba vya roketi, haina harufu, na mtu haoni kama anabanwa pumzi, kwa sababu kinachomfanya mtu ahisi kubanwa ni kaboni dioksidi kujaa mwilini, si oksijeni kupungua. Tarehe 19 Machi 1981 mafundi waliingia kwenye chumba cha nyuma cha chombo Columbia ambacho bado kilikuwa na nitrojeni. Walianguka bila onyo, na wapo waliokufa. Wachimba visima wa mkoa wetu wanalijua jambo hili kwa uchungu. Dawa yake ni kipima oksijeni mfukoni, mtu wa kusimama mlangoni, na marufuku ya kumfuata aliyeanguka bila mtungi wa hewa.

Moto wa hidrojeni hauonekani vizuri mchana. Zamani mafundi walitembea wametanguliza ufagio mbele. Ukiwaka ncha, umeuona moto. Oksijeni nayo haitaki mafuta: grisi kwenye kiungo chake inaweza kulipuka. Baadhi ya vyombo hutumia mafuta ya haidrazini, ambayo ni sumu, na anayeishughulikia huvaa suti iliyofungwa mwili mzima yenye hewa yake.

Tuko karibu na ikweta. Kwa nini tusirushe roketi hapa katikati ya nchi? (Mwalimu wa fizikia, Manyoni)

Tupige hesabu pamoja, mwalimu. Kwenye ikweta dunia inazunguka kwa mita 465 kwa sekunde. Dodoma, nyuzi 6 kusini, ni mita 462 hivi. Florida, nyuzi 28 na nusu kaskazini, ni 409. Faida yetu juu ya Florida ni mita 53 kwa sekunde, na kukaa kwenye mzunguko wa karibu kunahitaji mita 7,800 hivi kwa sekunde. Faida ipo, ila haifiki asilimia moja. Inakuwa kubwa zaidi kwa satelaiti zinazokwenda kukaa juu ya ikweta, kwa kuwa hazihitaji kupindisha njia sana.

Kikwazo ni upande wa mashariki. Ili upate msukumo wa dunia unarusha kuelekea mashariki, na hatua ya kwanza ya roketi ikiisha mafuta inaanguka mamia ya kilomita mbele. Mashariki ya Dodoma kuna Kongwa, Gairo, Morogoro na Pwani. Xichang, China, kuko ndani ya bara vilevile, na vipande vya roketi vimewahi kuanguka karibu na vijiji. Ndiyo maana Waitaliano walikwenda Malindi, nyuzi 3 kusini, bahari tupu mbele yao: kati ya 1967 na 1988 walirusha satelaiti tisa kutoka pale kwa roketi za Marekani aina ya Scout.

Kwetu basi ni pwani, si Manyoni. Tusameheni.

Shikamooni. Nasoma PCM kidato cha sita. Nipite njia gani, na kweli wataniajiri? (Msichana, Kondoa)

Marahaba, binti. Tuanze na lango gumu, maana wengi hulificha. Sheria za Marekani zinaihesabu teknolojia ya roketi kama silaha. Anayeigusa bila kibali maalumu lazima awe raia, mkazi wa kudumu, au mtu aliyepewa hifadhi ya ukimbizi. Kuajiriwa moja kwa moja na NASA kunataka uraia. Shirika la anga la Ulaya huajiri raia wa nchi wanachama. Ufaulu wako haubadilishi hilo. Ukijua leo hutapoteza miaka miwili ukituma maombi yasiyofunguliwa.

Sasa njia iliyo wazi. Shahada ya kwanza soma hapa: uhandisi wa mitambo, umeme au kemikali na michakato UDSM, au kompyuta na mawasiliano UDOM. Usitafute shahada yenye neno "anga" kwa nguvu; chumba cha urushaji kinataka mtu wa valvu, mtu wa sensa, mtu wa programu. Chagua kimoja uwe hodari. Jifunze kusoma michoro ya mabomba na vipimo, ujue kidhibiti cha mitambo kinavyofungua valvu kwa ishara ya sensa, na ujizoeze kuandika utaratibu wa kazi ambao mtu mwingine ataufuata bila kukuuliza. Hilo la mwisho halifundishwi sana, na ndilo linalowatenganisha watu.

Ukimaliza, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi na uingie mpango wake wa mafunzo ya miaka mitatu kazini. Omba penye presha na chumba cha uendeshaji: mitambo ya gesi asilia, bwawa la Julius Nyerere, treni ya umeme, mitambo ya oksijeni ya hospitali. Mhandisi aliyewahi kuzima mtambo kwa kufuata utaratibu saa nane usiku ana cha kusema kwenye usaili kuliko mwenye cheti cha kozi ya mtandaoni.

Kwa shahada ya pili, angalia ufadhili wa Umoja wa Mataifa na Japani kwenye chuo cha Kyutech, Kitakyushu, ambako wanafunzi hutengeneza satelaiti ndogo wenyewe. Waganda walipata satelaiti yao ya kwanza kupitia chuo hicho mwaka 2022. Afrika Kusini ni karibu zaidi. Mwezi Machi 2021 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walirusha roketi yao ya utafiti kutoka uwanja wa Overberg ikafika karibu kilomita 18. Wapo pia wahandisi wa vituo vya antena, Hartebeesthoek na Malindi, wanaopokea ishara za vyombo vya angani. Kwa pasipoti ya Tanzania, antena ndiyo njia fupi kuliko zote.

Tunataka kuanzisha klabu shuleni. Tuanze na nini bila hatari? (Mwalimu, Dodoma Makulu)

Anzeni na roketi ya maji, na msiguse kabisa mbolea, salfa wala vichwa vya viberiti. Chupa ya soda ya lita 1.5, maji theluthi moja, kizibo cha mpira kilichotobolewa na kupachikwa valvu ya tairi, na pampu ya mguu yenye geji. Pampeni mpaka psi 40 au 50, msipite 60. Mrija uwe mrefu kiasi cha anayepampu kukaa mita 5 nyuma, wengine mita 10. Kizibo kikilegea, chupa itaruka mapema na kulowesha watu. Kikibana mno, presha itapanda bila kuruka. Hapo ndipo ajali hutokea, maana mtoto huinama kuchungulia. Fungeni kamba kwenye kizibo mkivute kutoka mbali.

Gaweni kazi kama kwenye chumba halisi: mmoja wa presha, mmoja wa upepo, mmoja wa usalama wa uwanja, mmoja wa kuandika kila namba na saa yake, na mkurugenzi. Andikeni sheria ya upepo kabla hamjatoka darasani, kwa mfano utepe uliofungwa kwenye mti ukilala kabisa hamrushi, na upepo wa kiangazi wa Dodoma utawapa kazi. Yeyote, hata wa kidato cha kwanza, akisema "simama" mnasimama, presha inatolewa, ndipo anaulizwa kwa nini.

Tafuteni uvujaji kwa povu la sabuni, kama mnavyofanya kwenye mtungi wa gesi nyumbani. Chupa ikipata mkwaruzo au weupe kwenye shingo, itupeni, msiibandike gundi.